Vidonge Vilivyolowekwa na Sabuni

Mama yangu hawezi kuona kitu cheupe kimeingia vumbi akakiacha. Nyumbani kwetu Kitaji ukivua soksi ukageuka, ukirudi ziko kwenye beseni. Hilo nalijua tangu utoto, na bado nikaacha makopo yangu mawili ya vidonge juu ya meza ya sebuleni, nikaenda kulala. Mtu mzima, mwalimu wa fizikia niliyekuja likizo kutoka Bunda, na akili zangu.

Vidonge vyenyewe si vya kumeza. Ni kauri: unga mweupe ulioshindiliwa, ukachomwa kwenye tanuru ya chuo, kisha juu na chini vikapakwa rangi ya fedha ili nivipime kwa umeme. Kazi yake ni kutunza chaji. Ukikipasua kimoja utakikuta ndani kama andazi: kingine chembe zake zimeshikana, kingine kimejaa vitundu. Kwenye kitundu kuna hewa, na hewa haitunzi chaji ya maana, kwa hiyo vitundu vikizidi uwezo unashuka. Hilo tu ndilo nililotakiwa kulionesha ili nimalize shahada yangu ya pili. Msimamizi wangu chuoni alishanirudisha mara moja. Alisema nikija tena na vipimo vya ajabu ajabu, basi nibaki zangu Bunda nifundishe.

Asubuhi ile nilichelewa kuamka, nikakaa mezani kupima. Vidonge vyenye vitundu, ambavyo vilitakiwa kushika mkia, vikavipita vile vilivyoshikana. Nikarudia, vikapita tena. Jamani, nilipiga kigelegele peke yangu! Mwenye busara angejiuliza kulikoni. Mimi nikamtumia msimamizi ujumbe kwamba nimegundua jambo ambalo dunia haijaliona.

Mama naye hakulaza damu. Hadi jioni kanisa lote lilikuwa na habari, na shangazi yangu akatoka mtaa wa Buswahili na jogoo wa kunipongeza. Jumapili nikaitwa mbele kutoa ushuhuda. Nikaeleza chembe na vitundu mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. Nilipomaliza, mama akaja akaichukua maiki mkononi mwangu.

"Bwana asifiwe," akasema. "Huyu mwanangu usafi wa vitu vyake anausahauga. Vile vidonge nilivikuta na vumbi, nikaviloweka usiku kucha na sabuni ya unga, humo humo kwenye makopo yake. Alfajiri nikavifuta na kitambaa, nikavirudisha mezani. Leo mnaona Mungu alivyotenda."

Kanisa likaitikia amina, na vigelegele juu. Mimi ndipo nikaelewa. Vitundu havikuwa na hewa tena, vilikuwa vimekunywa maji ya sabuni, yanayotunza chaji kuliko hewa na hata kauri yenyewe, na hayo ndiyo niliyoyapima. Nilikuwa nimegundua sabuni.

Tulipofika nyumbani jogoo wa shangazi alikuwa tayari jikoni, hata kumrudisha haiwezekani. Hasira zangu haziko mbali. Nikamwambia mama, shangazi akisikia, "Mama, umeniharibia maisha." Mama akavua kilemba chake cha kanisani akaenda kupakua ugali.

Tangu siku hiyo hakugusa kitu changu. Meza yangu aliizunguka kwa mbali, utadhani kuna nyoka. Nguo zangu zilikaa kwenye beseni mpaka maji yakaanza kunuka, jambo ambalo nyumba ile haijawahi kuliona. Iliniuma sana, lakini mimi kuomba radhi ni mzito kama gunia la mahindi.

Nikavikausha vidonge kwenye sufuria ya mchanga wa moto, ile mama anayookea keki, nikapima upya. Vyenye vitundu vikaporomoka hadi chini kabisa. Vilivyoshikana havikutikisika, kwa sababu maji hayakupata mlango wa kuingia. Nikampigia msimamizi nikamweleza yote, sabuni na jogoo, huku nasubiri kuambiwa nibaki Bunda.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema hivyo ndivyo vipimo vya kwanza vya maana nilivyowahi kumpa, maana sasa inaonekana vitundu vipi viko wazi kwa nje. Nirudie kwa makusudi, kwa maji safi, nipime vikiwa vimelowa na vikiwa vikavu, halafu niandike nimalize.

Nikachukua makopo yangu nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua dagaa.

"Mama, naomba unilowekee tena," nikasema. "Ila maji matupu."

Akanitazama weee. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akatoa kidonge kimoja, akakigeuza geuza dirishani.

"Ubavuni vimefubaa," akasema. "Nisivitie na bluu ya kufulia kidogo?"

Nikamwambia hapana, mama, bluu hapana. Kesho yake asubuhi, nilipotoka nje kupiga mswaki, soksi zangu zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba.