Majani Yaliyokataa Kuoza Mzenga

Nilisikia hodi kabla sijauona mlango; giza lilikuwa bado limejaa chumbani kwetu Soga. Alikuwa dada yangu Mwajuma, aliyeletewa habari na wachuuzi wa mihogo.

"Amka. Shangazi Tatu, ndugu za marehemu mumewe wanamfukuza Mzenga. Wamefukua bustani, majani ya arobaini hayajaoza."

Yalikuwa majani ya mgomba yaliyofunikia wali wa arobaini ya mumewe. Shangazi aliyafukia bustanini yawe mbolea. Sasa eda imekwisha, na shemeji yake, Mzee Kondo, anasema ni uchawi wa shangazi: eti ameifunga bustani.

Kulipokucha nilitia mfukoni karatasi za kupimia udongo. Alinipa bwana shamba niliyekuwa nikimsaidia kazi. Nikashika njia ya Mzenga, upande wa Kisarawe, kwa miguu.

Njiani mvua ilinyesha, ikakoma, ikanyesha tena. Chini ya mikorosho majani makuukuu yalikuwa yameoza hadi kuwa meusi na laini, na ardhi ilinukia uhai. Nilitembea nikiwa na matumaini.

Alasiri nilifika Mzenga. Bustani ya shangazi haikuwa na harufu yoyote. Sikuona nyungunyungu hata mmoja. Mchicha ulikuwa wa manjano. Nikang'oa kunde, mizizi ilikuwa mitupu, haina vile vinundu vya kunde yenye afya.

"Shikamoo, Mzee Kondo."

"Marahaba. Umekuja na karatasi? Udongo wetu nao umekwenda shule?"

Ndugu wa marehemu waliokusanyika uani wakacheka. Nilikoroga udongo na maji ya mvua, nikachovya karatasi ya buluu. Ikawa nyekundu.

"Udongo umechachuka," nikasema. "Ndani ya udongo mwema mna vijidudu visivyoonekana kwa jicho. Ndivyo vinavyoozesha majani na kulisha mimea. Uchachu ukizidi, vingi hufa."

Mzee Kondo aliacha kucheka. "Kwa hiyo humu mlikuwa na viumbe visivyoonekana, na vimekufa. Sisi tulisema nini? Tunauliza tu nani kaviua."

Jibu nilikuwa nalo. Pembeni mwa ua palikuwa na magunia matupu ya mbolea nyeupe ya chumvichumvi, ile ambayo marehemu alikuwa akiitoa shamba la mkonge alikofanya kazi. Kila msimu aliimwaga. Mboga zilistawi kidogo, kisha zikadhoofu, naye akaongeza. Ndiyo iliyouchachua udongo. Nikafungua kinywa.

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akasema.

"Lakini shangazi, aliyemwaga ni..."

"Marehemu hasemwi mbele ya ndugu zake. Alitaka tule." Akamgeukia shemeji yake. "Bustani nilikuwa nalima mimi, shemeji. Basi."

Jioni nilimnong'oneza shangazi kuwa majivu ya jikoni na chokaa vingeweza kuuponya udongo.

"Kwa muda gani?"

"Misimu kadhaa."

"Wao wananipa mpaka asubuhi."

Asubuhi tulijiandaa kwenda Soga. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kwamba kujua chanzo cha kifo kunatosha kumwokoa aliye hai. Nimejifunza kwamba ukweli nao unahitaji mahali pa kuota, na ua ule ulikuwa umechachuka hadi ndani ya watu.

Shangazi alijitwika mkeka wake na sufuria moja. Kizingitini alisimama, akasema, "Kwaherini." Alipoteremka uani, Mzee Kondo aliufunga mlango nyuma yake, kisha tukasikia komeo.