Mbuzi Kumi na Wawili kwa Mashine Moja

Tsongo wa Kyarumba alikuwa na nusu ya diploma, na nusu hiyo aliivaa kama koti zima. Alisoma kompyuta mwaka mmoja kule Fort Portal, karo ikakatika, akarudi nyumbani na fahari moja tu: aliweza kuchapa bila kutazama vidole. Wenzake walirudi na vyeti. Yeye alirudi na vidole.

Fahari ya pili ilikuwa zizini kwa mama yake, Biira. Mbuzi kumi na wawili, waliopatikana mmoja mmoja kwa miaka mitatu ya kushusha kahawa ya watu kichwani kwenye ile njia ya mlima. Kumi na wawili ndiyo idadi aliyoitaja mzee Eriya wa Mahango kuwa mahari ya binti yake Ronah, mchumba wa Tsongo. Mzee hakutaka kusikia habari za bahasha ya pesa.

"Lete vyenye kwato," alisema. "Kahawa ya mwisho ikianikwa sijaona kitu, kuna mwalimu mmoja wa Kisinga anapita pita hapa."

Mtu mwenye akili zake angekata kamba kumi na mbili akaanza safari. Lakini huyu alikuwa na nusu ya diploma. Mwaka ule wa 2014 alikuwa ameshajipigia hesabu: auze mbuzi, anunue laptop ya maana, afungue kazi ya kuchapa mjini Kasese, na kabla ya mavuno wale kumi na wawili wawe ishirini.

"Mbuzi anazaa," Biira alimwambia, huku akichambua maharagwe. "Hicho kitu kitazaa nini?"

"Pesa, mama."

"Mbuzi akizaa nimeona. Pesa ikizaa bado, na mimi nimeishi kukushinda."

Ijumaa, siku ya gulio, aliwaswaga mpaka Bwera. Kila mnunuzi alimfungua mbuzi mdomo, akamtazama meno, ndipo akaingiza mkono mfukoni. Hata mtoto anajua hivyo. Mbuzi asiyetazamwa meno hununuliwa na mgeni au mlevi. Tsongo, ambaye hakuwa mgeni wala mlevi, alichukua pesa zote akaenda moja kwa moja kwa Twaibu, muuza simu na mashine zinazovuka daraja kutoka Kongo.

"Ndugu, hii iko ya wakubwa," Twaibu alisema, akipapasa laptop iliyofungwa ndani ya nailoni. "Iko i7. Inatoka Ulaya, haikupita kwa mutu."

Tsongo aliiheshimu sana hiyo i7, kama mtu anavyomheshimu askofu ambaye hajawahi kumsikia akihubiri. "Na ile ya pembeni?" Ilikuwa kuukuu, kifuniko kimechubuka, bei yake mbuzi watatu.

"Ile? Iko ya mutu wa kuandika barua tu. Wewe unafanana mutu wa barua?"

Tsongo akajitazama. Hapana, hakufanana.

"Basi nifungue hii nione."

"Unafungua ya nini? Nailo ikitoka vumbi inaingia, bei inaanguka. Utafungua kwako."

Mbuzi kumi na wawili wakaingia kwenye begi moja la begani. Begi lilikuwa jepesi, na Tsongo akajiambia kuwa wepesi huo ndio maendeleo yenyewe.

Kasese alipata meza katika kibanda cha Mbabazi, mama wa makamo aliyekuwa na kompyuta ya kioo kinene, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na inayonguruma kama kinu cha kusaga unga wa posho.

"Yako inafanya nini ambacho yangu haifanyi?" Mbabazi aliuliza.

"Inatengeneza hata sinema, anti."

"Na wateja wetu wanataka nini?"

"Barua."

"Haya. Karibu."

Kazi ya kwanza ilikuwa ratiba ya harusi ya binti aitwaye Ampeire. Bibi harusi mwenyewe alisimama pale anangoja. Tsongo akainua kidevu, akafumba macho kabisa ili binti aone elimu, na vidole vikatimua mbio. Alipofumbua, kwenye kioo palikuwa na mtu anaitwa "Q,peire".

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, alipoitazama mashine yake meno. Q imekaa kiti cha A, A imekaa kiti cha Q, na M imehamia mwisho wa mstari kama mtu aliyegombana na jirani. Laptop ilikuwa ya Kifaransa kuanzia vitufe hadi roho. Kuibadilisha lugha kulifundishwa mwaka wa pili, ule ambao karo haikuufikia. Alibofya hapa, akabofya pale, mpaka picha ikageuka juu chini. Siku mbili alifanya kazi mashine ikiwa chali kama mende. Ratiba ya Ampeire ilichapwa na kile kinu cha posho cha Mbabazi.

"Hukuitazama meno?" Mbabazi aliuliza.

Tsongo akaifunga mashine. Yeye, mtoto wa zizi!

Mwezi mzima alidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku. Kule mlimani kahawa ikaanza kuwa nyekundu, na zizini hamkuwa hata kinyesi. Jumanne moja, gulio jingine la wiki, akaibeba mashine hadi Bwera kumvunja Twaibu kichwa. Aliifungua mezani kwake mbele za watu.

"Tazameni! Huyu ameniuzia nini?"

Twaibu hajapata uongo wa kutosha, mwanamume mmoja wa ng'ambo ya daraja aliyevaa shati la pasi akainama. "Ee! Klavye ya kwetu, vitufe vya Kifaransa! Papa, unipe dakika kumi, niko na barua ya duwane, ya watu wa forodha."

Vidole vya yule bwana vilikimbia bila kutazamwa. Tsongo aliona wivu, kama mtu anayemwona mchumba wake akicheza vizuri zaidi na mwingine. Barua ikaisha, bwana akalipa. Nyuma yake wafanyabiashara wawili wa Kongo wakawa wamepanga mstari. Kufika jioni, Twaibu, ambaye alikuwa ameanza kufunga virago akimbie, akawa anadai kodi ya meza.

Basi ikawa kila gulio Tsongo yuko Bwera, watu wanachapa, yeye na vidole vyake vya chuo anabonyeza kitufe cha kuwashia. Alikuwa anachunga mashine kama alivyochunga mbuzi, ila mbuzi walikuwa wakimtambua.

Kilichomuuma ni ile laptop kuukuu ya mbuzi watatu. Twaibu naye aliitoa akaikodisha pembeni. Ilikuwa na meno yale yale ya Kifaransa, na barua ilitoka ile ile. Wateja hawakuuliza i7. Walikwenda penye kivuli.

Ronah aliposhuka gulioni na kikapu cha matunda, Tsongo alimweleza yote.

"Kwa hiyo ya watatu ingetosha," Ronah alisema. "Wale tisa walikufa bure?"

"Hawakufa. Hebu angalia wanavyong'aa," Tsongo alisema, akifuta kifuniko cha mashine.

Ronah alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Kisha akaacha kucheka. "Kahawa ya mwisho inaanikwa wiki ijayo. Una wangapi?"

"Watatu, wa pesa za barua."

"Walete. Baba anamwogopa anayeficha kuliko mjinga. Ujinga unao, usiufiche."

Siku ya kuanika kahawa ya mwisho akapanda Mahango na mbuzi watatu na begi lake. Mzee Eriya aliacha kahawa mkekani, akamshika kila mbuzi mdomo, akatazama. Tsongo alisimulia kila kitu, hata la mende.

"Hawa watatu uliwatazama meno?"

"Mara mbili, baba."

"Na ile mashine?"

"Baada ya kulipa."

Nyuma ya mlango wa jiko kicheko cha Ronah kilitoroka. Mzee akachukua kamba kutoka mkononi mwa Tsongo na kuzifunga mwenyewe kwenye nguzo.

"Tisa bado. Utaleta msimu ujao. Yule mwalimu nitamwambia hapa kuna mtu."

Tsongo alipogeuka kushukuru, mbuzi mmoja alikuwa ameshafika kwenye begi alilolitua karibu na nguzo, anatafuna mkanda. Akaruka kumfukuza.

"Mwache," mzee akasema. "Anadai wenzake."