Msonyo wa Marehemu

Mtaani walimwita Bi Hakika, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Lilitokana na ulimi wake mwenyewe. Ukimpelekea kompyuta ukamwambia imekufa, alikuuliza, "Una hakika?" Ukimwambia haijamwagikiwa maji, "Una hakika?" Wapo wateja waliotoka pale hawana hakika hata na majina yao. Lakini walirudi, maana fundi huyu hakuwa na "nadhani" mdomoni. Wenzake wa kazi hiyo wengi hudanganya kama wanavyopumua. Yeye, kitu kisipojulikana, alisema hakijulikani, akakaa nacho mpaka kijulikane.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele katika nyumba ya baba yake. Rafu zilijaa mashine zilizopasuliwa matumbo, na juu ya meza palikuwa na bisibisi, kioo cha kukuzia na feni ndogo. Nyuma ya pazia alishinda mzee, mgane wa miaka mingi, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi.

Mkewe, siku za mwisho za ugonjwa, alikuwa ameomba kinasa sauti, akafunga mlango, akaiachia familia yake maneno. Aliwasalimu watoto, akawataja wajukuu mmoja mmoja, akaagiza nani apewe cherehani. Mwishoni akasema, "Na baba yenu asiwe na wasiwasi. Nimemsamehe yote." Alichosamehewa mzee hakuna mtoto aliyewahi kuambiwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Maneno hayo yalisikika mara moja tu, msibani, katikati ya vilio, na mzee akaondoka nayo. Miaka yote hiyo aliyaegemea. Fundi alihamishia sauti kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani, ikakaa humo bila kuguswa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kuisikiliza.

Mwaka huu mzee aliomba asikie tena. Fundi akaiwasha.

"Hamjambo wanangu," ilisema sauti. Halafu pakasikika msonyo.

Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa bingwa wa kusonya. Msonyo wake ulianzia kwenye jino la pembeni ukamalizikia kwa jirani. Na sasa huu hapa, baada ya salamu, kati ya majina ya wajukuu, juu ya cherehani. Na pale pale aliposema, "Nimemsamehe yote," ukaja mwingine, mrefu kuliko yote.

Mzee alibadilika rangi. Tangu siku hiyo hakula akashiba. Aligeuza kiti cha mkewe kikatazama ukutani, kesho yake akakigeuza tena kikatazama meza, akimwomba radhi kwa sauti ya chini. Shangazi alitaka aitwe mtu wa kuiombea nyumba. Hata fundi mwenyewe, akiwa ameinama na chuma cha moto cha kulehemu mkononi, alisikia msonyo nyuma ya shingo, akageuka, akaona pazia tu. Aliogopa, na aliona haya kuogopa.

"Ni mashine, baba," alimwambia. "RAM ya kompyuta ile, kumbukumbu yake, ni mbovu, nimeipima. Iliharibu sauti nilipokuwa naihamisha."

"Yote?"

"Yote."

"Hata ule wa mwisho?" Mzee alimkazia macho. "Una hakika?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote. Akaweka chini bisibisi, akaenda kufungua kabati.

Kinasa sauti bado kilikuwepo, kimefungwa kwenye leso ya mama. Spika yake ilikufa na vitufe havikubonyezeka tena. Uhai uliobaki ulikuwa kwenye tundu la waya, nalo lilishika likitaka. Pengine lingeshika mara moja zaidi, basi. Na fundi hakutaka kuipitisha mara hiyo moja kwenye mashine ya kuaminiwa kwa macho tu. Kompyuta ya kawaida ikipoteza kitu kichwani mwake haijui kwamba imepoteza, inakuletea uongo kwa uso mkavu. Lakini ziko RAM nyingine, za mashine kubwa za benki na hospitali, zenye kidude cha ziada kinachokagua wenzake. Kikikuta kosa kinalisahihisha, na kompyuta inaliandika. RAM hizo alikuwa nazo. Alichohitaji ni ubao mama, ule unaobeba vipande vyote vya kompyuta, utakaozitumia.

Muuza vyuma chakavu alimwapia kwamba ubao aliomuuzia unazikubali. Neno hilo ndilo lililomtia fundi shaka. Ubao unaweza kuikubali RAM ya namna hiyo, ukawaka, ukafanya kazi vizuri kabisa, na kile kidude cha ukaguzi kikaachwa bure kama mgeni aliyepewa kiti akanyimwa sahani.

Mzee alitoka nyuma ya pazia, akakaa karibu. "Unatafuta nini?"

"Nataka kujua kama maza hii inasahihisha makosa."

"Maza gani?"

"Ubao, baba. Mafundi tunauita maza."

"Aa." Akakohoa. "Mama yako naye alisahihisha kila mtu."

Walicheka kidogo, halafu wote wakaangalia kile kiti cha mama.

Fundi alisoma kijitabu cha ubao chini ya kioo. Kilisema kwamba RAM hizo "zitakubaliwa", kikaishia hapo. Akatafuta namba ya prosesa, ubongo wa mashine, akaona nayo inaziweza. Akavipachika vyote, akaingia kwenye mipangilio, akawasha ukaguzi. Mashine ikatoa taarifa kwamba ukaguzi unafanya kazi.

"Basi tayari," alisema mzee.

"Bado. Hayo ni maneno yake yenyewe. Lazima nione ikikosea."

Akaanza kuikimbiza RAM kupita uwezo wake, kidogo kidogo, huku mzee akishangaa mtu anayeiponza mashine yake makusudi. Mashine ilivumilia mpaka ikashindwa. Kwenye taarifa, palipokuwa na sifuri pakatokea moja: kosa limepatikana, limesahihishwa. Fundi akapiga makofi.

"Tazama hapa, baba. Pakiwa na sifuri, haijakosea. Pakiwa na namba, imekosea na imekiri."

Mzee akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, akarudia maneno hayo polepole kama mtoto anayefundishwa kusoma. Fundi akairudisha RAM kwenye mwendo wake wa kawaida, akafuta hesabu, akachomeka waya wa kinasa sauti. Ukakataa. Akaupindisha, akaushikilia kwa vidole viwili mpaka sauti ikaingia yote. Alipouachia, kile kinasa kilizimika na hakikuwaka tena.

"Hamjambo wanangu," alisema mama. Baada yake palikuwa kimya safi. Majina ya wajukuu yakapita bila doa, na cherehani ikapata mwenyewe bila kelele. Mzee aliinuka taratibu kwenye kiti, uso umemfunguka, na fundi akahisi machozi ya furaha yakimlenga.

"Na baba yenu asiwe na wasiwasi. Nimemsamehe yote."

Kisha mama akasonya. Ulikuwa mrefu na mkavu, na mwishoni ilisikika pumzi ya mtu aliyechoka.

Mkono wa fundi ulikwenda kuziba kioo, lakini mzee alishafika. Kidole chake kilikuwa kwenye taarifa. Sifuri.

Fundi alimwogopa mama yake wakati ule, akamkasirikia, na akamwonea baba yake huruma.

"Ile ya zamani," alisema mzee, "bado unayo?"

"Ninayo, baba."

"Niwekee ile."

Akamwekea. Salamu ikaja na msonyo wake.

"Unasikia?" alisema mzee. "Mashine hiyo."

"Mashine, baba."

Wajukuu wakatajwa, na misonyo katikati yao. "Mbovu kabisa," alisema mzee.

"Mbovu kweli."

Ulipofika ule msamaha, na kilichoufuata, mzee alimgeukia. "Na hiyo?"

"Hiyo nayo ni mashine," alisema fundi. Mzee akaitikia kwa kichwa, na mpaka sauti ilipokwisha hawakutazamana.