Mwisho Uliotazama Ukutani

Mpaka naota mvi za kwanza, niliamini kwamba vitabu vya katuni hutengenezwa kwa kukata filamu kwa mkasi. Wala sikuamini nusunusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba ukitoka Dar kwenda Morogoro utaipita Kibaha. Aliyeniambia ni mjomba, kaka yake mama, ambaye ujanani aliwahi kubeba dumu la petroli la gari la sinema lililokuwa likizunguka Kisarawe. Kwa sababu ya dumu hilo akajihesabu mtaalamu wa filamu za dunia nzima.

"Wenye sinema ni wabahili, mpwa wangu," aliniambia. "Wakishachoka kuionyesha filamu, wanaikata picha moja moja, wanazibandika kwenye karatasi, wanauza kitabu. Kila ukurasa unaouona kitabuni, ujue huko kwenye filamu kuna tundu."

Nikamuuliza vipicha vidogo vile vya kwenye mkanda vinakuwaje vikubwa kitabuni.

"Wanavisukuma kama chapati."

Nikaridhika. Ningekuwa hakimu, ningefunga watu kwa ushahidi huo.

Msimlaumu mjomba peke yake. Uvumi ule ulinikaa kwa sababu ulijibu swali lililokuwa likinisumbua tangu utotoni. Mama, alipokuwa msichana Maneromango, aliona sinema mara moja tu. Walitandaza shuka jeupe kwenye uwanja wa misheni, na watu wakaja kutoka vijiji vyote, Waislamu kwa Wakristo, maana shuka halikuuliza dini ya mtu. Ikaonyeshwa filamu ya katuni: malkia wa baridi ameiba moto wote wa kijiji, majiko yamezimika, wazee wanatetemeka. Binti wa mfua chuma anachukua chungu, anapanda mlimani kwenye jumba la malkia, anaiba kaa moja la moto, anakimbia nalo kurudi kwao.

Wengine uwanjani waliona maajabu. Mama aliona habari za kawaida kabisa, kwa sababu na yeye kila alfajiri alikuwa akitumwa kwa jirani kuomba moto, akarudi mbio na kaa juu ya kifuu cha nazi, akilipuliza lisizimike njiani. Tofauti ni kwamba jirani yao hakuwa malkia, ingawa kwa maringo, mama anasema, walikuwa sawasawa.

Alitusimulia hadithi hiyo jikoni mpaka tukaijua kama majina yetu. Aliigiza wote: malkia, binti, upepo, hata mbuzi aliyepita nyuma bila sababu. Ila kila mara alifika kwenye daraja la kamba na hapo ndipo palipokuwa mwisho wa dunia.

"Binti yuko katikati ya daraja. Kamba inaanza kukatika. Chungu kinainama..."

"Halafu?"

"Halafu basi. Mwisho haukuwepo."

Akafunika maharage, akatufukuza jikoni. Sikumuuliza kwa nini mwisho haukuwepo. Ya nini, wakati mjomba alishanipa jibu? Mwisho ulikuwa umekatwa, uko kwenye kitabu mahali fulani. Ni kuutafuta tu.

Nikautafuta. Miaka imepita, nimehamia Kibaha, nafanya kazi kwenye karakana ya matofali, na siku moja nikamkuta muuza vitabu chakavu ametandaza turubai lake jirani na stendi. Kati ya vitabu vya hesabu na majarida ya mitindo ya nywele za zamani, nikamwona binti ameshika chungu. Moyo uliruka mpaka mwenye turubai akausikia. Kilikuwa kitabu cha katuni cha zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai ya maziwa, jalada hakina. Kinaanza binti akiwa tayari njiani. Kinaisha, uniamini usiniamini, katikati ya daraja la kamba.

Niliona mkono wa mwenye mkasi waziwazi.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha darasa la saba kilikuwa kinafika kwenye salamu kinageuza. Ndiyo, nasema bila haya: nilijiunga na masomo ya jioni kwa ajili ya kitabu kile. Wenzangu walikuja kutafuta cheti cha kidato cha nne, mimi nilikuja kujua malkia anasema nini. Cheti kikaja njiani kama mgeni asiyealikwa, na leo kimetundikwa sebuleni, kikubwa kuliko dirisha. Siku moja darasani nikasimama nikawafafanulia wenzangu jinsi katuni zinavyotengenezwa, mkasi na kila kitu. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasema, "Twende ukurasa unaofuata." Nikajua nimemgusa.

Kutoka hapo ugonjwa ukakolea. Nikaanza kukusanya kila kitabu cha katuni cha zamani kilichotokana na filamu za hadithi za kale: mabinti wa kifalme, vyura wenye adabu, majumba yenye minara myembamba kama viberiti. Vingine nilivikuta vimefungiwa karanga, nikala karanga kwanza ili nisionekane na shida. Chini ya kitanda chetu kuna falme nyingi kuliko ramani ya dunia.

"Baba watoto," mke wangu anasema kila akifagia, "hawa wafalme wako wanahama lini?"

"Wamezoea hapa, mama watoto."

"Basi waamke wafagie kwao."

Kile cha kaa la moto nilikipata tena na tena. Muuza vitabu alisema vinatoka huko vijijini Kisarawe, kwenye mizigo ya karatasi za zamani. Inaonekana misheni ilivigawa kwa wingi baada ya sinema. Nikawa na nakala mpaka za kugawia maadui. Zote hazina jalada. Zote zinaishia darajani. Jina la filamu sikulijua, maana lilikuwa kwenye jalada. Nilipoandika kwenye simu "binti, kaa la moto, daraja," simu ikaniletea majiko banifu na bei ya mkaa.

Ingekuwa burudani tu kama si macho ya mama. Siku hizi anaishi nasi, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, mpaka analisalimia kabati akidhani ni mgeni. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, ataona. Mama hataki. Tarehe alishapewa zaidi ya mara moja, na kila tarehe ikifika tumbo linamuuma ghafla. Nilibembeleza, mke wangu akabembeleza, jirani akaja kubembeleza akaishia kubembelezwa yeye anywe chai.

"Nione nini kipya?" mama alisema. "Nyuso zenu nazijua. Wa kwako hata sitaki kuukumbuka."

"Mama, daktari anasema ukikawia zaidi itakuwa shida."

Akacheka. "Haya. Niletee mwisho wa ile sinema. Ukiuleta, nakwenda kupasuliwa siku hiyohiyo."

Alisema kwa mzaha, akiwa na hakika kwamba hautapatikana. Mimi nilichukua kama kiapo cha mahakamani. Kumbe nilichokuwa nakusanya kwa kupenda sasa kilikuwa kimebeba macho ya mama yangu.

Wiki zikapita. Muuza vitabu akachoka kuniona. Ndipo karakana ikanipa mzigo wa matofali kupeleka Kurui, hukohuko Kisarawe, kwa bibi mmoja ambaye watoto wake walikuwa wanamjengea nyumba mpya. Barabara ya huko, wakati wa kwenda niliacha roho Maneromango na wakati wa kurudi nikaipitia. Tulipofika mimi na dereva wa lori, bibi alikuwa kwenye nyumba yake ya zamani ya udongo, anahamisha vyombo, maana ilikuwa inabomolewa wiki ileile.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita ndani unisaidie kitanda."

Nikapita. Nikasimama. Ukuta mzima wa chumba ulikuwa umebandikwa karatasi, kama walivyozoea watu kupamba nyumba za udongo na kuzuia vumbi: magazeti, kalenda, matangazo ya sabuni. Na juu ya kichwa cha kitanda, rangi zake bado zina damu, binti wa mfua chuma na chungu chake. Jalada. Si moja, mengi, yamepangwa kama vigae.

"Umeleta matofali au umekuja kuchumbia ukuta?" bibi akauliza.

"Bibi, hizi karatasi umezitoa wapi?"

"Misheni walitupa vitabu. Mimi nilikuwa bibi harusi, nataka nyumba yangu ing'ae. Nikawaomba na wenzangu wote: ninyi bakini na vitabu, mimi nipeni nguo yake ya nje. Kurui nzima walikuwa wanafanya hivyo. Ukiona nyumba haina majalada, ujue humo hakuna mwanamke."

Nikaangalia vizuri. Jalada ni karatasi moja iliyokunjwa katikati. Mbele picha, nyuma tangazo la baiskeli. Na ndani, upande usioonekana? Nikakaa kwenye kitanda tulichotakiwa kubeba.

"Bibi. Huku nyuma, upande wa udongo, kulikuwa na nini?"

"Vipicha vidogovidogo na maneno. Upande wenye rangi unatazama watu, wa maneno unatazama ukuta. Sasa wewe ungebandika maneno nje, wageni wakija waanze kusoma badala ya kula?"

Mwisho ulikuwa pale. Miaka yote ile nilikuwa nalalia wafalme, na mwisho umegeuza uso ukutani Kurui, kama mtoto aliyenuna.

Nikamweleza bibi habari za mama, macho, na ahadi. Alisikiliza ameshika kiuno. Halafu akamgusa binti kwa kidole.

"Huyu amewaona wanangu wote wakizaliwa," alisema. "Nilikuwa nawaza nitamwachaje aangukiwe na ukuta." Kisha akageukia jikoni. "Nilimbandika kwa uji wa muhogo. Lete maji ya vuguvugu. Usivute kama unachuna mbuzi."

Tukalowesha, tukasubiri, tukalowesha. La kwanza lilitoka vipandevipande. La pili mchwa walishalimaliza kwa ndani, likabaki sura tu. La tatu likaanza kubanduka taratibu, bibi kwa juu, mimi kwa chini, dereva wa lori akijihesabu fundi kwa kushika beseni. Likatoka zima kasoro katikati, ambako mchwa walikula picha za daraja zote. Sijui mpaka leo alivukaje. Lakini picha ya mwisho kabisa, pembeni chini, ilikuwa nzima: kijiji kutoka juu, na kila paa linatoa moshi.

Bibi alisogeza karatasi mlangoni penye mwanga. "Majiko yote yanawaka," alisema, na akatabasamu kama vile kuna mmoja wa wanawe amepiga simu. "Alifika, kumbe. Mpelekee mama yako. Mimi niachie yule mwingine mwenye sura, nitampeleka nyumba mpya."

Nilimkuta mama barazani Kibaha, nikamwekea karatasi mikononi. Aliipapasa, akaileta karibu na pua, akaigeuza.

"Naona ukungu tu."

"Huo ndio mwisho, mama."

"Nisomee."

"Hukusema nikusomee. Ulisema nilete."

Akaigeuza tena karatasi. Mke wangu akaacha kuchambua mchele. Ningeweza kumwambia palepale, na kwa mtu wa domo kama mimi, kunyamaza kule kulikuwa kazi nzito kuliko kushusha matofali ya lori zima.

"Mtoto mjanja wewe," mama akasema mwishowe. "Umefanana na mjomba wako. Haya, nitafutieni khanga ya kwendea hospitali."

Alikwenda, na safari hii tumbo halikumuuma. Walianza na jicho moja. Kesho yake muuguzi alipoondoa bandeji, mama alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe umenenepa," kisha akanyoosha mkono. Nikampa karatasi. Alianzia juu, akashuka polepole, akaruka tundu la mchwa, akafika pembeni chini. Akaweka kidole pale.

"Moshi," alisema. "Tazama, hata ile nyumba ya mwisho kabisa. Amegawa kwa wote." Akacheka kwa sauti ya kitoto ambayo sikuwahi kuisikia, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili naye akaomba aone.

Furaha ikanipanda kichwani. "Sasa filamu imekamilika, mama. Kile kipande walichokikata tumekirudisha."

"Walichokikata nani?"

Nikamweleza. Mkasi, ubahili, matundu, chapati, yote, kama alivyofundisha mjomba. Mama alinisikiliza mpaka mwisho kwa jicho lake moja jipya, na mgonjwa wa pili akageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

"Mwanangu," mama akasema, "vile vitabu kuna watu walikaa wakavichora kwa mkono. Na filamu hakuna aliyeikata. Mvua ilinyesha, wakafunika mashine, sisi tukakimbia nyumbani."