Nilivyomsomea Mama Kikosi cha Estonia

Kabla ya mdogo wangu kusajiliwa na klabu ya mpira, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyejua Estonia iko upande gani wa dunia, na ukoo wetu si wa watu waliotulia mahali pamoja. Alipofika huko, ghafla tukawa na wataalamu watatu. Mjomba wangu wa Columbus alijitwalia idara ya historia ya klabu. Shangazi yangu wa Buffalo akachukua kikosi. Mimi, mfunga maboksi katika ghala moja la Jeffersontown, Kentucky, nisiyejua hata kuotea ni kosa gani, nilipewa kazi ya kumsomea mama.

Klabu yenyewe ilikuwa ya daraja la chini, katika mji ambao picha zake zote zilikuwa za miti. Mjomba aliisimulia kwa heshima ya mtu anayesimulia Agano la Kale. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha mbao, ikafa wakati wa vita, ikafufuka kwa jina lingine, ikafa tena. Kisha ikaungana na majirani ambao kwa miaka walikuwa hawasalimiani, wakagombana, wakaachana, na ikabaki na jina la hawa na jezi za wale.

"Bon, ni kama kanisa yetu ya hapa Columbus," alisema, na kwa mara ya kwanza nikauelewa mpira.

Nilimuuliza wameshinda kikombe gani. Alinijibu kwamba historia si vikombe.

Kila Jumapili, tukirudi kutoka kanisani, mama aliketi kwenye kochi letu mtaani South End na kitenge chake begani, akasubiri. Hakupata kusoma shule. Nilifungua tovuti ya klabu kwenye simu na kuanza na golikipa, aliyepigwa picha kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Majina yao yana nukta juu ya herufi, na nukta zile nilizitamka nilivyojaliwa siku hiyo. Mama alinikosoa kama sikulitamka jina kama Jumapili iliyopita. Aliwaombea wote, hata winga wa kulia ambaye goti lake lilikuwa na matatizo mengi kuliko sisi. Nikifika kwa beki wa kushoto, namba tatu, na kutaja jina la mwanawe, alisema "Amina," na hapo ndipo chakula kilipoweza kupakuliwa.

Ningecheka zaidi kama nisingejua chanzo chake. Kambini Uganda, tulikokuwa wakimbizi, maisha yetu yote yalikuwa orodha zilizobandikwa ukutani: za unga, za mahojiano, za kusafiri. Orodha yetu ya kuja Kentucky ilipotoka, jina la mdogo wangu halikuwemo, kwa kuwa alishatimiza umri wa mtu mzima na kuandikishwa kwenye kadi yake peke yake. Mama alipanda ndege akimwacha. Miaka kadhaa baadaye, wakala mmoja mwenye tai ndefu alimwona akicheza Kampala, akampeleka Estonia. Kibali chake cha kukaa kilitegemea mkataba wa klabu. Mkataba ukiisha, anarudi Uganda. Kwa hiyo kikosi kile hakikuwa mpira. Kilikuwa orodha ya kwanza iliyokubali kumtaja mtoto wake.

Jumatatu moja, wakati wa mapumziko kazini, shangazi alinipigia.

"Haiko," alisema.

"Nini haiko, tantine?"

"Jina yake. Niliangalia mara tatu. Ku namba tatu kuko mutu wa ndevu nyekundu."

Nilimwandikia mdogo wangu palepale. Akajibu: "Niko bien, yaya," yaani salama, mkubwa wangu. Watu wa kwetu hata nyumba ikiungua wako bien.

Nikamwambia shangazi basi jioni nitamwambia mama. Shangazi akanikemea. Habari kama ile, akasema, haiwezi kutolewa kwa simu, wala na mtu mmoja, kama vile tuko wanyama. "Tutakuja bote, tuikale chini naye, tuombe, kisha tunasema. Weye ungoje."

"Na Jumapili?"

"Jumapili unasoma."

Ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri sana kwa watu wanaoishi kijiji kimoja. Jumamosi ya kwanza mjomba alilazimishwa kufanya ovataimu. Ya pili, theluji ilifunga mlango wa shangazi kule Lower West Side, Buffalo. Ya tatu na ya nne kulikuwa na harusi Columbus, na mjomba ndiye msema chochote, yaani MC, wa harusi zote za huko. Habari mbaya inataka watu watatu wenye Jumamosi moja, na Marekani haijatengeneza Jumamosi hiyo.

Basi nikasoma, na kwenye namba tatu nikaendelea kumtaja mdogo wangu. Jumapili ya kwanza sauti ilinitetemeka, mama akanipa chai ya tangawizi. Ya pili na ya tatu nilisoma vizuri. Ya nne, Mungu anisamehe, nilimpa mdogo wangu hata pasi ya bao.

Alhamisi iliyofuata mdogo wangu mwenyewe alimpigia mama. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na mama huongea na simu kwa spika wazi ili mtaa usikose.

"Mama, nilikuficha," alisema. "Balinitosha inje ya équipe. Jina yangu haiko tena."

Mama akacheka.

"Nani amekudanganya? Yaya yako alinisomea Jumapili. Uko pale, namba tatu. Hata bao ulisaidia."

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tena ndefu, na sikusema, kwa sababu shangazi alikuwa bado hajafika kutoka Buffalo. Naandika hivyo, na nikisoma naona aibu.

"Jina iko ku liste, na weye uko unalala ku nyumba?" mama aliendelea. "Beba viatu yako, uende. Batu banakungoja."

"Labda balibadilisha," alisema mdogo wangu. "Mimi niliacha kuangalia." Sauti yake ilikuwa imepanda, kama ya mtu aliyeitwa kwa jina. "Bon, Mama. Kesho ninaenda."

Kesho yake alinipigia mimi. Alikuwa amefika mazoezini mapema kuliko wote, akakaa mahali pake pa zamani katika chumba cha kubadilishia nguo, akafunga kamba za viatu. Waliingia mmoja mmoja na kumsalimia kwa adabu. Mwenye ndevu nyekundu alibaki amesimama na begi lake. Mwishowe kocha akatoa simu, akafungua kikosi, akamwonyesha kwa kidole, kuanzia golikipa.

"Yaya," alisema, "nilikuwa nimevaa kabisa."

Alikuwa na kibali mpaka mwisho wa mwezi. Sikumpigia mjomba wala shangazi. Nilienda sebuleni nikapiga magoti mbele ya mama na kumweleza yote, Jumapili moja baada ya nyingine, hadi ile pasi ya bao. Nikasema kosa ni langu.

Mama alinishika mikono, akaniinua.

"Apana," alisema. "Weye ulisoma tu. Mimi njo mwenye nilimutuma aende."