Chupa ya Tatu ya Mama wa Kaengesa

Jumanne, katika ofisi moja hapa Sumbawanga, mama mmoja wa Kaengesa aliweka juu ya kaunta chupa ya pombe yake ya ulezi ipimwe, apate kibali cha kuuza. Ilikuwa nyeusi kama kahawa. Bwana wa kaunta akaonja, akafumba macho.

"Kali hii. Tangawizi inatangulia, karafuu inafuata, halafu unausikia ulezi uliokaangwa."

Akamwita mwenzake. Wakamiminiana mpaka chupa ikaisha, kisha bwana wa kaunta akafuta midomo. "Mama, sampuli imekwisha. Lete nyingine wiki ijayo."

"Hii ni ya tatu, baba," mama alisema taratibu. "Andika tu hayo uliyoyasema."

"Hayo yalikuwa maongezi."

Nilikuwa nyuma ya mama kwenye foleni, nikaingilia. Nikamwambia yule bwana mimi ni shahidi, nimesikia kila neno. Akanitazama, akanyoosha mkono.

"Na wewe una shida gani?"

Nilikuwa nimeshika fomu yangu ya kuomba kiwanja. Nikampa, nikanyamaza. Mama akachukua chupa yake tupu, akatoka bila kututazama. Wale wawili nimewakasirikia wiki nzima, lakini anayeninyima usingizi ni mimi mwenyewe.