Kesi Yangu Ilifutwa, Nikaificha Kwenye Fomu ya Bastola

Wakubwa shikamooni, wakuu wengine mambo vipi.

Hii siyo chai ya kutunga. Ni yangu mwenyewe, na kuna sehemu naona aibu hata kuiandika.

Mimi ni Mtanzania, mlinzi hapa Joburg, makaratasi ya ukaazi wa kudumu ninayo. Zamani, nikiwa bado mgeni, nilikuwa nashea chumba Joubert Park na jamaa watatu. Siku moja tukagombania jiko, nikampiga mmoja kwa mwiko wa ugali, jino likatoka. (Msicheke, ule mwiko ulikuwa wa mninga.)

Nikalala selo ya polisi siku nne. Mahakama ikanitia hatiani, nikapigwa faini.

Baada ya hapo nikaokoka. Kanisa letu liko Berea, Wakongo ndio wengi. Kwetu pale ukisimama kutoa ushuhuda, unaanza na shimo ulilotolewa. Shimo langu mimi lilikuwa ile selo. Nimelisimulia mpaka watoto wa Sunday school wanalijua.

Miaka kumi na kitu ikapita, nikaomba rekodi ifutwe kisheria. Barua ikaja: imefutwa. Nililia wakuu.

2017 bosi akatuambia site yetu ya Braamfontein inataka walinzi wenye silaha. Asiye na kibali cha bastola, kazi hana. Nina mke na mabinti wawili, mbio nikaenda polisi kujaza fomu.

Swali moja liliuliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa la fujo. Barua yangu ilikuwa kwenye begi, miguuni pangu kabisa. Nikajiambia, kilichofutwa hakipo.

Nikaandika "No".

Ukweli niliogopa, basi.

Fomu ilitaka pia mtu anayekufahamu vizuri. Nikamwandika Papa Kasongo, mzee wetu wa kanisa, fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Huyu hadanganyi hata mteja ambaye nguo yake haijaisha, na nyie mafundi mnawajua.

Wiki chache baadaye afisa mmoja wa kike akamfuata dukani kumuuliza habari zangu. Papa, kwa mapenzi yote, akanisifia kwa namna anayoijua. Akampa ushuhuda wangu. Selo, mwiko, jino, vyote.

Afisa akaniita, nikamwonyesha ile barua ya kufutiwa. Hakufoka.

"My brother, kesi iliyofutwa ningeielewa. Ungeandika Yes, ukaambatanisha barua. Sasa hii No yako niielewe vipi?"

Ombi likakataliwa kwa sababu ya kutoa taarifa za uongo, na mwisho wa mwezi kazi ikaisha.

Hasira zote nikamtupia Papa. Jumapili nikawa nakaa nyuma, natoka kabla ya watu kusalimiana.

Jumapili ya tatu nikamkuta amenisubiri mlangoni, kavaa suti yake ya misiba.

"Mutoto yangu," akasema, "mi nilizani ninakusifu. Kesho twende kwa polisi. Nitawaambia ni mi nilichanganya, ile habari ya selo ni ya mutu mwingine."

Mzee wa miaka sabini, maisha yake yote hajui uongo, anataka kwenda kuwadanganya polisi kwa ajili ya watoto wangu.

Niliumia sana wakuu.

"Hapana Papa," nikamwambia. "Kosa ni langu." Nikamwomba msamaha palepale, watu wanapita wanatuangalia.

Rufaa nilikata. Safari hii niliandika kila kitu, barua nikaiweka juu kabisa. Ikagonga mwamba. Sasa hivi nalinda geti la flats hukuhuku Berea, na rungu tu.

Mimi si mwanasheria, na huko mliko sheria inaweza kuwa tofauti. Ila fomu ikikuuliza na huna uhakika, uliza kwanza kabla ya kuweka sahihi. Nilikuwa na barua safi ya serikali, nikaiacha kwenye begi nikachagua uongo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye duka la cherehani.

Bado natoa ushuhuda kanisani, Papa anakaa mstari wa mbele. Lakini shimo ninaloanza nalo siku hizi siyo selo tena. Ni ile "No".

Mliowahi kukutana na swali kama lile, mliandika nini? Hata mkinisema, nitasoma.